Jina la Mwenye Lori

Bunduki haikushushwa.

Wiki iliyopita tulimwacha Luul Jama mbele ya geti la kambi ya Mawe Meusi, barabara ya kwenda Oldonyiro, mdomo wa bunduki ukimtazama kifuani, na gari la jaji likiwa bado ni vumbi tu kule mbali. Askari alikuwa ameshahesabu moja. Sasa akahesabu mbili.

"Hesabu kwa sauti," Luul akamwambia. "Nitataka uirudie hesabu hiyo mahakamani."

"Rudi nyuma, mama!"

"Mimi si mama yako. Mimi ni wakili. Na hicho ulichoshika uliapa kunilinda nacho, si kunihesabia."

Kidole cha askari kikasogea.

Lile vumbi nalo likawa gari, gari likapiga breki, na mlango ukafunguka kabla halijasimama vizuri. Jaji Gatakaa akashuka, mwembamba, anakohoa, buti zake za safari zimekuwa nyekundu.

"Nani huyo amemwelekezea wakili bunduki mbele ya mahakama?"

"Mahakama iko wapi, mzee?" askari akauliza.

"Mahakama ni mimi."

Askari akaitazama bunduki yake kana kwamba ameiokota njiani, akaishusha.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, nisikuchoshe. Huu ni mwaka wa themanini na tano. Luul ni binti wa Mzee Jama, mwenye lori pale mjini Isiolo, wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao walipigana vita vya Mwingereza, kisha wakaambiwa wapumzike hapo. Alisomea sheria Nairobi, akaongeza ng'ambo, akapata ofisi yenye zulia, akaiacha. Alirudi kufungua chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Miaka ya baadaye mataifa yangesimama kumsikiliza akitetea wafungwa ambao hata lugha zao hazijui. Lakini kesi yake ya kwanza ya Katiba ilikuwa hii, katikati ya mavi ya ng'ombe.

Mtu aliyetafutwa ni Erot, mchungaji wa Kiturkana. Wenye kambi walikuwa wamekusanya ng'ombe wa kijiji kizima kwa sababu ya wizi uliofanywa na watu wengine. Erot akasimama barazani akasema, "Kama mimi ni mwizi, nifungeni mimi. Ng'ombe hana kesi." Wakamchukua jioni hiyo hiyo. Tangu siku hiyo kila aliyeuliza aliambiwa hayupo na hajawahi kuwepo.

Leo jaji amekuja kuangalia kwa macho yake. Erot asipoonekana leo, ombi linatupwa. Likitupwa, hakuna atakayeuliza tena. Na mtu asiyeuliziwa, huku kwetu, fisi ndio humalizia faili lake.

Mkuu wa kambi akatoka, anafunga vifungo vya shati, anatabasamu. Jina lake Kiugu.

"Karibu, mheshimiwa. Chai iko tayari."

"Sikuja kunywa chai. Fungua seli."

"Seli? Nitafungua hata jikoni." Akamgeukia Luul. "Lakini madam, wewe ni mtu wa huku, unajua. Hiyo Katiba yako ikifika pale kwenye kizuizi cha barabara Isiolo hushuka, hunyoosha miguu, halafu hurudi Kenya."

"Leo ilipata lifti," Luul akajibu. "Imekuja na mimi."

Kiugu akacheka. Alicheka kwa raha mno, na hapo Luul akaanza kuogopa.

Kwa sababu mtu anayeficha kitu hafungui geti haraka hivyo.

Walipokuwa wanaingia, Luul akaona kitu kingine. Nje ya geti, kwenye kivuli cha mgunga, lilikuwa limesimama lori la bluu, limefunikwa turubai. Alilijua lori hilo kabla hajajua kusoma. Na aliyesimama kando yake alikuwa Mzee Jama mwenyewe.

"Aabo!" akamwita baba yake. "Unafanya nini hapa?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Ngozi. Napeleka ngozi. Nenda kwa jaji wako, Luul."

"Hukuniambia unakuja huku."

"Na wewe uliniambia?"

Hakumtazama. Mzee Jama ni mtu ambaye hawezi kusimama karibu na mzigo wake bila kuvuta kamba, kujaribu kama imekaza. Hata akisalimiwa, atajibu salaam huku anavuta kamba. Leo mikono ilikuwa mifukoni. Luul aliliona hilo, lakini hakupata nafasi ya kulifikiria.

Wewe nitakuambia asilolijua Luul. Mfukoni mwa shati la Kiugu kulikuwa na vipande viwili, vile vitambulisho vya serikali, cha Mzee Jama na cha mkewe, Mama Faduma. Askari walivichukua asubuhi, wakisema wanaangalia tu. Na Msomali asiye na kipande, miaka ile, aliweza kuamka Isiolo na kulala ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo hata hajawahi kuiona.

Tuingie kambini.

Seli ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu ilinuka chokaa. Luul akagusa ukuta, vidole vikatoka vyeupe.

"Chokaa mbichi," akasema. "Mnapaka chokaa seli ambamo hajawahi kufungwa mtu?"

"Usafi, madam. Ama usafi nao umekatazwa na Katiba?"

Askari wakacheka. Jaji hakucheka. Akainama, akatazama sakafu, akatazama dari, akatoka nje anapangusa miwani.

Wakili wa serikali, kijana wa tai nyekundu aliyekuja na jaji, hakupoteza wakati. "Mheshimiwa, kambi imefunguliwa yote. Mtu hayupo. Naomba ombi hili litupwe, sote turudi kabla jua halijatuua."

Jaji akamgeukia Luul. "Wakili, siwezi kuamuru aletwe mtu ambaye sina dalili yake. Una kitu kingine?"

Luul akaanza kupekua karatasi zake.

Mkono ukamvuta nyuma. Alikuwa Nakaale, mke wa Erot, aliyekuja naye tangu asubuhi bila kusema neno, shanga shingoni, nguo amefunga begani.

"Luul. Ambia huyo mzee atoe Loris."

"Loris ndiye nani?"

"Hiyo pale." Akanyoosha mdomo kuelekea boma la miiba, walipofungiwa ng'ombe walionyang'anywa. Katikati yao alisimama maksai mmoja mwenye madoadoa kama chui, pembe moja imeelekezwa mbele na nyingine nyuma. "Njaa ya mwaka jana imemaliza zote. Imebaki hiyo moja. Hiyo ni ng'ombe ya jina yake. Hata mimi bibi yake siiti yeye Erot. Apaloris. Baba ya Loris."

Nakaale akafungua fundo la nguo yake, akatoa kengele ya chuma, nyeusi kwa kuzeeka. "Ile siku wamekuja, ametoa kengele kwa shingo, amenipea. Amesema, ficha. Apaloris akisikia hii, hawezi nyamaza. Hata kama amekufa nusu."

Luul akaelewa. Akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, naomba maksai mmoja atolewe bomani."

"Kwa nini?"

"Ni maksai wa Erot. Kwa Waturkana mwanamume huchukua jina la ng'ombe wake na humtungia wimbo. Wimbo huo ni wake peke yake, mkewe hauimbi. Mtu huyo akisikia kengele ya ng'ombe wake ataitikia, na ng'ombe akisikia sauti hiyo ataifuata."

Jaji akavua miwani. "Unaniomba nimsikilize ng'ombe?"

"Naomba umtazame tu. Kumsikiliza ni kazi ya mwenyewe."

Kiugu akajipiga paja. "Ati shahidi! Huyo ataapa na nini? Biblia ama Korani?"

"Yeye hajui uongo," Nakaale akasema. "Ataapa ya nini?"

Hata askari wa bunduki akageuka pembeni kuficha meno.

Jaji akamwuliza Nakaale polepole, "Bibi, na kama mume wako hayuko hapa?"

"Kama hayuko, Loris atakula nyasi. Na mimi nitaenda nyumbani kulia."

Jaji akawageukia askari. "Mtoeni."

"Mheshimiwa, mimi napinga!" akasema kijana wa tai nyekundu.

"Unapinga ng'ombe kutembea? Mtoeni."

Nakaale akamfunga Loris kengele, akampapasa shingo, akasogea kando.

Ngo. Ngo. Ngo.

Loris akapita seli ya kwanza. Hakugeuka. Akapita ya pili, akapita ya chokaa. Akapita jikoni, akanusa ndoo, akaiacha. Maksai akashika njia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye geti, akatoka nje.

Kambi nzima ikaangua kicheko.

"Shahidi amechoka!" Kiugu akapiga kelele. "Shahidi ameenda nyumbani! Mheshimiwa, sasa tuandike nini, kwamba aliomba ruhusa?"

Nakaale ndiye pekee aliyekuwa ameanza kukimbia.

Luul akamfuata. Walipotoka getini walimkuta Loris amesimama kwenye kivuli cha mgunga. Amekita pua kwenye mbao za lori la bluu. Anazilamba. Anazisugua kwa pembe. Na kutoka chini ya turubai, kwa chini sana, kama nyuki ndani ya mzinga, ilikuja sauti ya mtu aliyefungwa mdomo, anaimba kwa pua.

Kiugu alikuwa amemfunga mtu. Kumwuza ng'ombe hakukumbuka.

"Apaloris!" Nakaale akalia.

"Mheshimiwa!" Luul akaita. "Njoo usikie! Yuko ndani ya—"

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamekutana na ya baba yake.

Na Kiugu, upesi kama nyoka, akapaza sauti, "Dereva! Washa gari, mheshimiwa anaondoka!"

Landrova ya kambi ikawashwa. Ikanguruma, ikatetemeka, ikajaza bonde lote moshi na kelele. Jaji alipofika penye lori, hakukuwa na cha kusikia.

"Kuna sauti, mheshimiwa," Luul akasema. "Zima gari usikie!"

"Ni upepo kwa turubai," akasema wakili wa serikali. "Na hata kama si upepo. Amri yako inasema kambi. Lori liko nje ya kambi. Ni mali ya raia, na raia huyo hajashtakiwa na mtu yeyote. Tukilifungua kwa nguvu, mheshimiwa, sisi ndio tutakuwa tumevunja hiyo Katiba."

Na alisema kweli, huyo kijana. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Jaji akamgeukia Mzee Jama. "Mzee, lori ni lako?"

"Ni langu."

"Umebeba nini?"

"Ngozi."

"Unakubali tulifungue?"

Nyuma ya jaji, Kiugu akagusa mfuko wa shati lake. Akaugonga kidogo kwa kidole, kama mtu anayetafuta sigara.

Mzee Jama akautazama mfuko huo. "Hapana."

"Aabo!" Luul akasema.

"Nimesema hapana."

Jaji akashusha pumzi. "Basi imebaki njia moja, wakili. Amri yangu inamgusa mlalamikiwa. Ukitaka niguse lori hili, mwenye lori awe mlalamikiwa. Useme mbele yangu kwamba yeye anamshikilia Erot kinyume cha sheria. Nitaandika hapa hapa, na lori litafunguliwa hapa hapa. Lakini ujue unachoandikisha. Atajibu yeye, kwa mwili wake."

Landrova iliendelea kunguruma. Loris akainua kichwa, akageuza sikio, akairudisha pua yake kwenye mbao.

"Taja jina la mwenye lori," jaji akasema. "Majina kamili."

Mtoto wa Kisomali, kabla hajaweza kuhesabu mbuzi, hufundishwa kuhesabu baba zake. Luul alifundishwa ndani ya lori hilo hilo, amekaa mapajani kwa huyu huyu, barabara ya Merti inawatikisa. Luul wa Jama, wa Guleid, wa Robow, mpaka juu kabisa. Akiruka mmoja, mzee alimrudisha mwanzo. "Usipojua majina haya," alikuwa akimwambia, "siku moja utapotea na hakuna atakayejua akurudishe kwa nani."

Sasa alitakiwa kuyataja, aanzie jina la pili.

"Jama," akasema.

"Jama nani?"

"Jama Guleid."

"Kamili, wakili."

"Jama Guleid Robow."

"Unamfahamu?"

"Ni baba yangu, mheshimiwa."

Kalamu ikasimama. Hata kijana wa tai nyekundu akatazama chini.

"Unaweza kuomba wakili mwingine aichukue kesi hii," jaji akasema taratibu. "Hakuna atakayekulaumu."

"Mwingine yuko wapi? Wa karibu yuko Meru. Akifika kesho, aliye chini ya turubai hii, na jua hili, atakuwa amefanana na hizo ngozi. Andika, mheshimiwa."

Jaji akaandika.

Mzee Jama hakukasirika. Alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umeyataja vizuri," akasema. "Hukuruka hata moja."

Luul angetukanwa angevumilia. Hilo lilimzidi.

Lakini aliyemshangaza zaidi alikuwa Kiugu. Badala ya kubisha, alikuwa anatabasamu tena, lile tabasamu la getini.

"Ahsante, madam," akasema. "Mheshimiwa, umesikia mwenyewe, na umeandika. Mtu yuko kwa Jama. Hayuko kwa Kiugu. Kambi yangu ni safi, nilisema tangu asubuhi. Hawa wenye malori na hao wezi wa mifugo ni biashara moja. Leo binti yake mwenyewe ametusaidia."

Kesi yote ambayo Luul alikuja kumfunga nayo Kiugu, ameichukua kwa mikono yake akamvisha baba yake.

"Zima hilo gari," jaji akaamuru.

Landrova ikazimwa. Kimya kikashuka. Wote wakatega masikio kwenye turubai.

Hakuna kitu.

Hakuna wimbo. Hakuna nyuki. Loris akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha shingo, akalia mlio mmoja mrefu. Ndani hakuitika mtu.

"Amenyamaza," Nakaale akasema, sauti imekauka. "Luul, amenyamaza! Fungueni!"

"Fungueni!" jaji akapaza sauti.

"Haraka!" Kiugu naye akadakia, mwepesi kuliko wote. "Lete panga! Kata kamba!"

Askari akaja mbio na panga. Luul akasukumwa kando, akashika ubavu wa lori asianguke, na mkono wake ukaangukia kwenye kamba, pale ilipofungwa.

Akatazama.

Mzee Jama alikuwa na fundo lake. Kila mwenye lori wa barabara ile alikuwa na lake, na wapakiaji walijuana kwa mafundo kama wachungaji wanavyojuana kwa alama za ng'ombe. La Mzee Jama lilivutwa mara moja tu, likafunguka lote. Luul alilifunga maelfu ya mara akiwa mtoto.

Hili halikuwa hilo. Hili lilikuwa limezungushwa, likarudiwa, likakazwa juu ya kulabu ya chuma, kama askari wanavyofunga hema.

Baba yake hakupakia lori hili. Hakuligusa hata. Ndiyo maana mikono ilikuwa mifukoni! Lori lilipakiwa na kufungwa na watu wa kambi, na kitu pekee duniani kilichoweza kulisema hilo kilikuwa hiki chini ya kiganja chake.

"Ngoja!" akapiga kelele. "Usikate hapo! Kata mbali na fundo! Mheshimiwa, tazama fundo!"

Askari akasita, panga liko juu. Akamtazama jaji, aliyekuwa bado anazunguka nyuma ya lori. Akamtazama Kiugu.

Kiugu akaonyesha fundo kwa kidevu.

"Kata popote!" Nakaale analia. "Mtu anakufa! Kata!"

Askari mwingine akamvuta Luul nywele kwa nyuma, mkono wake ukang'oka kwenye kamba. Panga likaanza kushuka.

Na Mzee Jama, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameitoa mikono yake mifukoni, akautoa wa kulia, akaulaza juu ya fundo.